Kumngoja Sheryl

Keumbu,
2 Februari 2025

Kwako Tata,

Bwakire. Anyona wa lori la maziwa amesema atapita Nyansiongo Jumatano, kwa hivyo nakuandikia leo Jumapili kabla hajabadilisha nia. Sisi hapa tu wazima. Upepo uliangusha migomba mitatu nyuma ya nyumba, na tumekula ndizi mpaka watoto wakaomba ugali kwa machozi. Dawa ya goti la Mama niliipata Kisii mjini, nimeifunga pamoja na barua hii. Mwambie apake mara mbili kwa siku, si mara tatu.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu nimepewa Gredi ya Pili, watoto arobaini na sita, na mmoja wao anaitwa Sheryl Aluoch. Ana miaka saba. Wazazi wake ni watu wa upande wa ziwa. Mama yake anauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa sokoni. Sheryl hakulia alipozaliwa, ndivyo mama yake alivyonieleza, na tangu hapo miguu yake ni migumu, mkono wa kulia unatetemeka na maneno humtoka polepole sana. Udenda nao humtoka anapokazana kusema. Lakini akili yake, Tata! Anajua kujumlisha kuliko nusu ya darasa.

Shida ni wenzake. Siku ya kwanza nilimketisha karibu na mvulana anayeitwa Mokua. Niligeuka kuandika ubaoni, na nilipotazama tena Sheryl alikuwa peke yake kwenye benchi. Wenzake walikuwa wamejibana watano mahali pa watatu.

“Mbona mmehama?” nikauliza.

Mokua ndiye aliyejibu, maana yeye hujibu kila kitu. “Ticha, mate yake yakikugusa, na wewe unakuwa hivyo.”

“Nani amekuambia?”

“Mama.”

Nikawaambia si kweli, nikawaambia sote ni watoto wa Mungu, nikawarudisha mahali pao. Kesho yake walikuja na vitambaa vya kufutia benchi kabla ya kukaa. Kila mtu wanasema ni uchafu.

Wewe ulifundisha miaka thelathini na mitano, ishirini na miwili kati yake ukiwa mwalimu mkuu. Hukuwahi kupata mtoto kama huyu? Ulifanya nini?

Binti yako,
Orpah


Nyansiongo,
16 Februari 2025

Kwa binti yangu Orpah,

Barua yako niliipokea mkononi mwa Anyona, ikinuka maziwa. Nakushukuru. Mama yako anapaka dawa mara tatu na anasema inafanya kazi. Majani ya chai ni machache kwa sababu ya jua, lakini ng'ombe wanakamuliwa vizuri. Tunaandaa shamba la mahindi tukingoja mvua ya Machi.

Kwanza, uliandika “kila mtu wanasema”. Ni “kila mtu anasema”. Nimestaafu, lakini sijastaafu kiasi hicho.

Unauliza kama niliwahi kupata mtoto wa namna hiyo. Sikumbuki. Shule ilikuwa kubwa na watoto walikuwa wengi.

Ushauri wangu ni huu. Zungumza na mama yake kuhusu shule maalum ya bweni. Huko kuna walimu waliosomea kazi hiyo. Kabla hajaenda, waadhibu wanaohama benchi. Mtoto akiona mwalimu anabembeleza, anajua mwalimu mwenyewe hana hakika.

Hayo yanatosha. Wasalimie wajukuu wangu.

Baba yako,
Nyasani


Keumbu,
23 Machi 2025

Kwako Tata,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Maharagwe uliyotutumia tuliyapata, na mtoto wangu mkubwa amesema ya babu huiva haraka kuliko ya dukani. Ochoki alipita hapa wiki iliyopita. Anakohoa lakini anakana. Tafadhali Mama amkaripie, mimi hanisikii ingawa ni mdogo wangu.

Nilifuata ushauri wako. Mokua nilimwadhibu akae na Sheryl wiki nzima. Alikaa, lakini mgongo kwake na uso dirishani. Hata ufutio hakumpa. Siku ya tatu Sheryl alikataa kuja shule. Mama yake alimleta mgongoni, mtoto akilia njia nzima.

Basi nikageukia upande wa pili. Nikawaambia watoto kwamba Sheryl anahitaji upendo, na atakayemsaidia nitambandikia nyota kwenye daftari. Tata, nilijuta. Walimvamia. Huyu anambeba, huyu anamfuta mdomo kwa sketi yake, huyu anamlisha mandazi kama kifaranga. Nikimuuliza swali, watoto wanne wanamjibia. Ijumaa moja nikasikia mayowe. Sheryl alikuwa amemuuma kidole msichana aliyekuwa akimlazimisha kunywa uji.

“Sheryl, umemuuma mwenzako kwa nini?”

Akaanza kujibu. Mimi, kama kawaida yangu, nikamsaidia. “Hukutaka uji?” Akatikisa kichwa. “Ulikuwa moto?” Akapiga dawati kwa kiganja. Ndipo nikanyamaza, na darasa likanyamaza. Ilichukua muda, ukadhani hatafika, lakini alifika.

“Mimi… si… mtoto mchanga.”

Nikatambua kwamba tangu Januari sijawahi kumwacha amalize sentensi hata moja. Watoto hawakujifunza hayo kwingine. Walijifunza kwangu.

Nyota nikazibandua. Nikamwuliza Sheryl, tukiwa wawili tu, kama angekubali wenzake wamwulize lolote wanalotaka. Akacheka, akasema ndiyo, lakini na yeye awaulize. Jumatatu tukakaa chini ya dirisha kwa duara. Nikaweka sharti moja tu: ukishauliza, hufungui mdomo mpaka ajibu lote.

Mokua akaanza. “Mate yako yanaambukiza?”

“Mama yangu… anafua… shati hili… kila siku,” Sheryl akasema. “Ameambukizwa?”

Mokua anamjua mama huyo, kwao hununua omena kwake. Akafikiri. “Hapana.”

“Miguu yako inauma?” akauliza mwingine.

“Asubuhi. Kukiwa… baridi.”

Kisha ikawa zamu yake. Akamtazama Mokua. “Wewe… mbona… hujui… kujumlisha?”

Darasa liliangua kicheko, na Mokua mwenyewe alicheka mwishoni, masikio yamemwiva. Leo wanakaa benchi moja. Simwambii mtu kwamba ni ushindi, maana wengine bado wanafuta benchi. Lakini Sheryl ndiye anayemwonyesha Mokua hesabu, nami najifanya sioni.

Kuhusu shule maalum, mama yake hataki mtoto wa miaka saba alale mbali naye. Mimi pia sitaki.

Orpah


Nyansiongo,
13 Aprili 2025

Orpah,

Nimesoma. Mvua imefika, mahindi yamepandwa. Ochoki amekaripiwa na amekwenda zahanati. Mambo ya darasa lako nitayajibu nikipata nafasi.

Baba


Keumbu,
25 Mei 2025

Kwako Tata,

Bwakire. Hapa mvua imezidi, barabara ya shule imekuwa tope tupu na watoto wanafika miguu myekundu hadi magotini. Mtoto wangu yule wa mwisho, mjukuu wako, ameng'oka meno mawili na anajisifu kama aliyevuna.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni nzuri. Unaujua mchezo wa kati, wawili wanarusha mpira wa makaratasi na aliye katikati anakwepa. Sheryl alikuwa akitazama tu. Siku moja Mokua akaleta kreti tupu ya soda, akamketisha, akamwambia arushe. Mkono wake hutetemeka, kwa hivyo hakuna anayejua mpira utaenda wapi, hata yeye mwenyewe. Hawawezi kumkwepa! Sasa kila timu inamtaka. Wanagombana juu yake, nami sijui niwaamue au nicheke.

Ya pili si nzuri. Jumanne iliyopita aliegemea sana, akaanguka na kreti, jino likang'oka. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Thadeus, akaniita ofisini.

“Orpah, mtoto huyu atatuletea kesi.”

“Jino ni la utoto, Mwalimu. Lilikuwa limeanza kulegea.”

“Leo jino, kesho shingo. Mama wa Mokua ameshakuja hapa mara mbili, hataki mwanawe akae naye. Nitaita mkutano wa wazazi wa Gredi ya Pili tarehe thelathini na moja Julai. Muhula wa tatu atafute shule ya watu kama yeye.”

Nikaanza kubisha. Akaniinulia mkono, bila hasira. Tata, wajua anavyokuheshimu. Alianza kazi kijana mdogo chini yako.

“Baba yako ndiye aliyenifundisha kazi hii,” akasema. “Alikuwa akituambia, darasa zima halitamngoja mtoto mmoja. Muulize.”

Basi nakuuliza. Na nakuomba uje siku ya mkutano. Wewe ukisema, atasikia.

Orpah


Keumbu,
22 Juni 2025

Kwako Tata,

Sijapata jibu. Anyona anaapa kwamba barua alikupa mkononi, tena ulikuwa umesimama langoni. Nilimpigia Mama simu, akasema u mzima ila huongei sana. Nikataka kuzungumza nawe, akasema umeenda kuangalia chai. Ilikuwa saa mbili usiku.

Sheryl anakuja shule kila siku. Juzi Ijumaa alimaliza kusoma ukurasa mzima kwa sauti. Tulimngoja sote. Ilichukua karibu nusu ya kipindi na hakuna aliyehama.

Orpah


Nyansiongo,
13 Julai 2025

Binti yangu,

Nimekawia. Haikuwa ugonjwa, na Anyona hana kosa. Barua yako ya Mei niliiweka ndani ya Biblia yangu, kisha nikaacha kuifungua, nikawa natumia ya mama yako.

Maneno yale ni yangu. Niliyasema katika mikutano ya walimu, si mara moja. Nilidhani ni busara.

Nilikuandikia kwamba sikumbuki mtoto wa namna hiyo. Nilisema uongo. Mwaka wa 1994, mwaka wangu wa pili ofisini, mwanamke anayeitwa Nyakerario alimleta mwanawe Ombui. Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa dhaifu, na usemi wake mzito. Alikuwa amevaa shati la shule tayari. Mama yake alimshonea kabla hata ya kuniuliza. Nilimwambia darasa limejaa. Akarudi baada ya wiki, nikamwambia aende shule maalum, na nilijua hana njia ya kumfikisha huko. Akarudi mara ya tatu, mvua inanyesha, mtoto ameshika kikombe chake cha uji. Nilimtuma karani awaambie nimeenda mkutanoni. Nilikuwa ndani nakunywa chai.

Hawakurudi tena. Wanaishi mwendo wa saa moja kutoka hapa. Kwa miaka thelathini na mmoja nimepitia njia nyingine ya sokoni, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mwezi uliopita mama yako alichoka nami. “Unazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia,” akasema. “Popote unapotaka kwenda, nenda.” Nikaenda.

Nyakerario alikuwa anaanika mtama uani. Amezeeka, lakini macho yake ni yale yale. Alinitazama kutoka kofia hadi viatu.

“Mwalimu,” akasema. “Umetoka mkutanoni?”

Akaniletea kiti.

Ombui alikuja na ndoo ya maziwa. Ni mtu mzima, ana mvi kidogo pembeni. Ana ng'ombe wanne na huwakamua kwa mkono mmoja. Nikasimama, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa kumfungia mlango. Niliona anatafuta maneno, nikataka kuyatafuta pamoja naye, kisha nikakumbuka ulichoniandikia Machi, nikafunga mdomo.

“Ngoja… nimalize… kukamua,” akasema.

Nikakaa mpaka akamaliza. Akaosha ndoo, akaniaga, akaingia ndani. Hakusema kwamba amenisamehe. Nilirudi nyumbani bila jibu, na nadhani ilikuwa haki.

Mkutanoni sitakuja. Sistahili kusimama mbele ya wazazi kuwaambia lililo jema. Lakini nimemwandikia Thadeus. Bahasha imo humu, imefungwa. Mpe kabla ya tarehe thelathini na moja. Wewe usiifungue.

Baba yako,
Nyasani


Keumbu,
3 Agosti 2025

Kwako Tata,

Bwakire. Sote hatujambo na shule zimefungwa juzi. Ochoki kikohozi kimemwacha.

Bahasha nilimpa Mwalimu Thadeus siku tatu kabla. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Aliitia mfukoni. Siku ya mkutano aliingia nayo, nilimwona akiugusa mfuko wa shati kila mara.

Wazazi walikuja wengi. Mama Sheryl alikaa nyuma karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kufukuzwa. Mwalimu Thadeus akaeleza habari za jino, akauliza nani ana neno. Mama Mokua akasimama.

“Mimi nilikuja hapa mara mbili kusema mtoto wangu ahamishwe,” akasema. “Nilikuwa naogopa. Hata nilimwambia mambo ya mate, na niliyasikia tu kwa watu. Sasa nataka kusema hivi. Mokua wangu nyumbani alikuwa hangoji kitu. Hangoji chai ipoe, hangoji dada yake amalize kuongea. Siku hizi nyanya yake akisimulia kitu na kusahausahau, yeye ndiye anawaambia wengine: nyamazeni, bado hajamaliza. Sijui Ticha amewafanya nini. Lakini Sheryl asihamishwe.” Akakaa ghafla.

Baba mmoja akabisha kwamba watoto wengine watachelewa. Pakawa na kelele. Mwalimu Thadeus akauliza, “Mama Sheryl, wewe unasemaje?” Mama yule akainuka, akasema neno moja tu: “Anapenda kuja.”

Basi Mwalimu Thadeus akaamua. Sheryl abaki. Kreti itolewe, tutafutiwe kiti chenye mgongo. Mwisho wa mwaka tutakaa tena tuone. Si ahadi ya milele, lakini Agosti hii atalala akijua ana shule. Tulipokuwa tunatoka alinishika mkono. “Mwambie Mwalimu Nyasani nimepata barua.” Ni hayo tu.

Na mimi nina jambo, Tata. Nilipokuuliza Februari kama uliwahi kupata mtoto kama huyu, nilikuwa najua. Mwaka wa 1994 nilikuwa darasa la pili katika shule yako. Dirisha letu lilitazama ofisi. Nilimsikia karani akimwambia yule mama kwamba umeenda mkutanoni, na nilikuwa nakuona umekaa, kikombe mkononi. Niliwatazama wakienda kwenye mvua mpaka wakapinda njia.

Sikumwambia mtu, hata Mama. Kila mtu alisema wewe ni mwalimu bora, na mimi nilitaka iwe hivyo. Kisha nikaja kuwa mwalimu, na kila mtoto mzito wa kusema akiletwa mlangoni kwangu, nakumbuka lile dirisha. Nilikuuliza kwa sababu nilitaka uniambie mwenyewe. Umeniambia.

Binti yako,
Orpah


Nyansiongo,
14 Septemba 2025

Binti yangu Orpah,

Nakusalimu. Mama yako ameacha dawa ya goti na anasema amepona. Jana nilimkuta amepanda kwenye kiti kuangika mapazia. Mahindi yamekomaa.

Kwamba uliniona siku ile, nililisoma mara mbili. Nilikaa nje hadi umande ukanilowesha. Sina la kujitetea. Nimefurahi tu kwamba hukuendelea kulibeba peke yako.

Sasa nikueleze yaliyotokea huku. Mwishoni mwa Agosti Anyona aliniletea ujumbe kutoka kwa Ombui. “Mwalimu aje Jumapili na chaki.” Hakuna zaidi. Nilipekua sanduku lote nikapata vipande vitano.

Nilimkuta ameegemea zizi. Akanieleza, na nilimwacha aeleze mpaka mwisho, kwamba anataka majina ya ng'ombe wake yaandikwe juu ya mahali pao pa kusimama, na ataandika yeye mwenyewe. Nilimwambia kwa kawaida tunaanza na jina la mwanafunzi. Akakataa. Ng'ombe kwanza.

Nimekwenda Jumapili tatu sasa. Mimi si mwalimu mzuri kama nilivyodhani. Jumapili ya kwanza nilimshika mkono nikauongoza, akautoa. Nilimtajia herufi kabla hajaikumbuka, na Nyakerario, aliyekuwa anachambua maharagwe, akakohoa mara mbili. Nikarudi nyuma. Nilihesabu moyoni hadi thelathini, na alipofika mwenyewe kwenye herufi ile alinitazama kwa jicho ambalo katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kungoja vya kutosha kuliona.

Tumemaliza majina matatu. Leo asubuhi nikauliza la ng'ombe wa nne, mweusi, mkubwa, aliyekuwa amesimama kwenye lango la zizi huku wenzake wakisukumana nyuma yake wapate kutoka.

“Huyu anaitwaje?”

Ombui akamtazama mama yake. Nyakerario akainamia maharagwe, mabega yakaanza kumtikisika.

“Mwalimu,” Ombui akasema.

Nikadhani ananiita. “Naam?”

“Hapana. Yeye. Anaitwa… Mwalimu. Husimama… mlangoni. Haachi… wengine… wapite.” Akapumua. “Mama yake… pia… aliitwa hivyo. Na bibi yake.”

Nyakerario akacheka waziwazi mpaka akajifuta macho kwa leso. Ombui akacheka. Nami, Orpah, nilicheka, na katikati ya kicheko nikaona kwamba ninalia, na hakuna aliyenikataza wala aliyenibembeleza. Walingoja nimalize.

Kisha nikampa chaki. Aliandika kwenye ubao wa mbao juu ya lango. Ile M ilimpinduka mara mbili ikawa W, akaifuta kwa kiwiko. Hakuniomba msaada na sikumpa. Jua lilikuwa limepanda alipomaliza U ya mwisho. Akarudi nyuma hatua mbili, akaweka kidole hewani na kulisoma jina peke yake, herufi moja moja, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Nilisimama kando yake na kofia mkononi.

Ng'ombe hakuondoka langoni.

Baba yako,
Nyasani